Vijarida vya Zamani vya Kilimo na Chakula: Jinsi ya Kuvisoma Katika Chama



Siku moja nilikuwa nikikagua vitabu vya chama kimoja cha msingi katika wilaya ya Muleba. Tulipokwisha kulinganisha leja na stakabadhi, Katibu alinichukua hadi pembeni mwa ghala, akanionyesha sanduku la mbao ambalo halikufunguliwa kwa miaka mingi. Ndani mlikuwa na daftari za kupokelea kahawa, barua zilizofungwa kwa kamba ya mgomba, na chini kabisa vijarida vya serikali vya zama mbalimbali: vya kutunza mibuni, vya fukusi wa migomba, vya kuchimba choo, vya chakula cha mtoto na usafi wa nyumba. Baadhi vilikuwa vimeliwa na mchwa. Juu ya rafu iliyokuwa karibu palikuwa na kopo la unga lililotoka kutu, ambalo karatasi yake ya maelezo ilikuwa imekwisha banduka.

Katibu akaniuliza, "Ndugu Mkaguzi, kamati yataka kuvichoma ili tupate nafasi ya magunia. Je, tunaruhusiwa?"

Kabla sijajibu, kijana mmoja mwanachama alikuwa amekwisha okota kijarida cha fukusi na kukisoma kwa sauti. Kilisema dawa iitwayo dieldrin inyunyizwe kuzunguka shina la mgomba. Kijana akalitazama lile kopo, akasema, "Kumbe dawa tunayo hapa hapa! Migomba yangu inaanguka kila upepo unapovuma."

Mzee aliyekuwa ameketi mlangoni akainuka. "Mwanangu, weka hicho chini," akasema. "Na ninyi wa kamati, msivichome. Yamo mambo humo yaliyotugharimu."

Hapo ndipo nilipoona kwamba chama kile kilikuwa katika hatari mbili kwa wakati mmoja. Hatari ya kwanza ni kuteketeza elimu ambayo wazee wetu waliilipia. Hatari ya pili ni kuitii elimu hiyo bila kuipima. Somo hili nimeliandika nikiwa hapa Bilele, mjini Bukoba, kwa ajili ya vyama vyote ambavyo huenda vina sanduku kama lile. Nia yangu ni kuonyesha kwamba kijarida hufaa pale tu wanachama wanapokisoma pamoja, wakakiuliza maswali, wakakijaribu shambani kabla ya kukikubali.

VIJARIDA HIVI VILITOKA WAPI?

Maandishi ya serikali ya kuwafundisha wananchi ukulima na maisha ya nyumbani yana umri mkubwa nchini mwetu. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutolewa na serikali ya kikoloni mwaka 1923, nalo lilichanganya habari, hadithi, na mashauri ya kilimo na afya. Mwaka 1955 Idara ya Kilimo ilianzisha gazeti la Ukulima wa Kisasa, ambalo liliendelea baada ya Uhuru. Pamoja na magazeti hayo vilitoka vijarida vingi vidogo, vyenye michoro, vilivyogawanywa na mabwana shamba, mabibi maendeleo, walimu na makatibu wa vyama.

Hapa kwetu, wakati mkoa ulipokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, kazi hiyo iliongezeka. Kati ya mwaka 1968 na 1972 mikoa ya Ziwa ilikuwa na mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, ambao makao yake yalikuwa Mwanza. Katika mradi huo mtu mzima hakujifunza kusoma kwa maneno matupu. Alijifunza kwa kitabu kinachohusu kazi yake: mkulima wa pamba alisoma habari za pamba, mvuvi habari za uvuvi, na mkulima wa kwetu habari za migomba. Akina mama walikuwa na vitabu vya sayansi kimu. Mwaka 1974 likazaliwa gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho, ili waliokwisha jua kusoma wasirudi gizani.

Ushirika nao haukukaa kando. Chuo cha Ushirika Moshi kilifunguliwa mwaka 1963, na mwaka uliofuata kikaanzishwa Kituo cha Elimu ya Ushirika, kilichopeleka masomo kwa makatibu, wanakamati na wanachama kwa njia ya posta, redio na vikundi vya kujisomea. Ndiyo sababu masanduku haya yamo maghalani mwetu. Chama kilikuwa duka la kahawa, na pia maktaba ya kijiji.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya serikali. Vitabu na majalada mengi yakatawanyika, mengine yakafungiwa nyama na karanga. Sheria ya mwaka 1982 iliporudisha ushirika, majengo mengi yalirudi, lakini karatasi nyingi hazikurudi. Kwa hiyo, Ndugu Katibu, ukikuta kijarida kilichosalia, fahamu kuwa kimepona safari ndefu.

KIJARIDA KILICHOKUJA NA AMRI

Yule mzee aliposema "mambo yaliyotugharimu", alikuwa akikumbuka habari alizosimuliwa na baba yake. Nasi yafaa tuzikumbuke, maana ndizo zinazotufundisha jinsi ushauri mwema unavyoweza kuharibiwa na namna ya kuutoa.

Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilileta Bukoba kanuni za lazima kuhusu utunzaji wa mibuni. Maofisa walisema wanataka kuzuia magonjwa na kuinua ubora wa kahawa. Lakini mkulima wa Kihaya alikuwa na kahawa tangu zamani za mababu. Alijua kuitafuna, kumkaribishia mgeni, na kuipanda pamoja na migomba ndani ya kibanja kimoja. Kibanja hakikuwa shamba tu. Kilikuwa nyumba, kaburi la mzee na urithi wa mtoto. Mtu alipoambiwa kwamba mkaguzi ataingia humo na kumwamuru la kufanya, hakusikia habari za wadudu. Alisikia kwamba kibanja chake kinapata bwana mwingine. Kanuni zikapingwa, na ghasia zikatokea.

Baada ya vita vikuu vya pili jambo hilo lilirudi kwa sura nyingine. Fukusi wa migomba alikuwa akiharibu mashamba, na serikali ikaanzisha kampeni ya kumwangamiza kwa nguvu ya sheria. Wakaguzi waliingia vibanjani. Mwaka 1953 wananchi walikusanyika Kamachumu kupinga amri hizo, katika mkutano ambao miongoni mwa viongozi wake alikuwa Ali Migeyo, nao ukatawanywa na polisi. Tangu siku hiyo, jina la Kamachumu halitajwi katika historia ya kupigania uhuru bila mgomba kutajwa.

Sasa, ndugu zangu, tujiulize swali gumu. Je, ushauri wenyewe wa kupambana na fukusi ulikuwa wa uongo? La. Fukusi wa migomba ni adui kweli. Jike hutaga mayai chini ya shina, na funza wake hutoboa mashimo ndani ya tunguu hata mgomba ukakosa nguvu ya kusimama. Kukatakata mashina yaliyokwisha vunwa ili yakauke upesi, kupanda machipukizi safi yaliyomenywa, na kutega wadudu kwa vipande vya shina lililopasuliwa, hayo yote yanafaa hata leo. Mkulima wa mwaka 1953 angeweza kuyapima na kuyakubali. Kilichomkasirisha ni kwamba hakuulizwa wala hakuelezwa, na kwamba aliyemletea elimu alikuja na faini mkononi.

Haikuwa bahati tu kwamba katika miaka hiyo hiyo wakulima walijenga chombo chao wenyewe. Mwaka 1950 chama kikuu cha kwanza cha wilaya yetu, Bukoba Native Co-operative Union, kiliandikishwa. Mkulima alitaka mahali pa kuuzia kahawa yake, na alitaka pia mahali ambapo neno lake lingesikika.

KIJARIDA KILICHOSOMWA CHINI YA MTI

Tuuvuke Uhuru, tufike mwaka 1973. Mwaka huo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliongoza kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa muda wa wiki 12, watu wapatao milioni mbili nchini kote walikutana katika vikundi kila wiki. Walisikiliza kipindi cha redio, kiongozi wa kikundi au mwanakikundi ajuaye kusoma akasoma sura ya kitabu, kisha wakajadiliana: Je, malaria ipo kwetu? Maji yetu ya kunywa yatoka wapi? Nani hana choo? Mwisho walipitisha azimio la kutenda kabla ya kukutana tena. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu, majani yaliyozunguka nyumba yakafyekwa, na madimbwi yakafukiwa.

Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai, iliyofundisha vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili, na kuhimiza kila kaya ilime na kupika kwa kufuata mafunzo hayo. Iliandikisha watu zaidi ya milioni moja. Mama yangu mzazi, aliyekuwa msichana wakati huo, husema kwamba hakumbuki maneno ya kitabu, bali anakumbuka kwamba walipanda mchicha na maharage nyuma ya nyumba kwa sababu kikundi kilipanga kuja kutazama.

Tofauti kati ya 1953 na 1973 ni nini? Choo hakichimbwi kwa raha kuliko mgomba unavyokatwa. Kazi ni kazi. Lakini mwaka 1973 kijarida hakikuja peke yake. Kilikuja pamoja na majirani, nafasi ya kuuliza, na azimio lililotoka vinywani mwa watendaji wenyewe. Hatusemi kwamba kila kitu kilikuwa kizuri siku zile. Katika miaka hiyo hiyo watu wengi nchini walihamishiwa vijijini kwa nguvu, na kampeni nyingine zilikuwa amri zilizovikwa nguo ya elimu. Hata hivyo kikundi cha kusoma, kilipoendeshwa kwa haki, kilionyesha njia ambayo bado inatufaa.

KIJARIDA KILICHOPITWA NA WAKATI

Turudi kwa lile kopo. Kijana wetu alikuwa na nia njema, na alichokisoma hakikuwa uzushi. Dieldrin ilipendekezwa kweli dhidi ya fukusi wa migomba, na ilitumika katika nchi nyingi. Baadaye mambo mawili yalijulikana. La kwanza, katika sehemu mbalimbali fukusi waliizoea, dawa ikawa haiwaui tena. La pili, dawa hiyo haiozi upesi. Hukaa udongoni miaka mingi, huingia katika mafuta ya mwili wa mnyama na binadamu, na hupita katika maziwa ya mama hadi kwa mtoto. Mkataba wa kimataifa uliotiwa sahihi Stockholm mwaka 2001, ulioanza kutumika mwaka 2004, uliiweka dieldrin katika orodha ya kemikali zinazopaswa kukomeshwa.

Basi nilimwambia Katibu asilifungue kopo lile wala asilitupe mtoni au kulizika. Alifungie mbali na chakula na magunia ya kahawa, amwandikie afisa kilimo wa kata, ili naye awasiliane na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Nasi tukaliandika katika kumbukumbu za ukaguzi. Kila chama kiangalie ghala lake kwa jicho hilo. Dawa isiyo na jina si mali, ni deni.

Mfano mwingine ni wa mibuni. Vijarida vya zamani huagiza kuchagua mbegu kutoka katika mti uzaao vizuri. Huo ulikuwa ushauri wa busara katika siku zake. Lakini ugonjwa wa mnyauko fuzari uliingia katika Robusta ya mkoa wetu mwishoni mwa miaka ya 1990, na mti uliokuwa ukizaa vizuri mwaka jana hukauka wote mwaka huu. Ndiyo maana Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ilitoa mwaka 2011 aina za Robusta zenye kuvumilia ugonjwa huo, zikiwemo Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1. Anayepanda leo kwa kijarida cha 1965 pekee hajakosea kusoma, amekosea tarehe.

Hata hivyo tusitupe mtoto pamoja na maji ya kuogea. Kurasa zile zile zinazotaja dawa iliyokatazwa zinaeleza pia kutandaza nyasi za rweya chini ya migomba, kutia samadi, kuchuma kahawa iliyoiva tu, na kuianika juu ya kichanja au jamvi badala ya udongo mtupu. Mambo hayo hayajazeeka. Mnunuzi wa leo hulalamikia kahawa yenye harufu ya udongo kama alivyolalamika mnunuzi wa zamani.

KOSA LANGU MWENYEWE

Mkaguzi apendaye kuonyesha makosa ya wengine hana budi kuonyesha na la kwake.

Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria ulionekana kwa mara ya kwanza nchini, nao ulianzia wilaya ya Muleba. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na ndani zikawa na rangi ya kahawia, na shina likikatwa hutoa utomvu wa manjano. Miaka michache baadaye, nikiwa ofisa kijana, nilipewa kipeperushi cha kuwasomea wanachama. Kilisema mgomba ukiugua, ng'oa shina zima pamoja na machipukizi yake yote. Nilikisoma kama hakimu asomavyo hukumu. Sikuuliza swali, na sikumruhusu mtu kuniuliza.

Mama mmoja mjane alikuwa na mashina machache yaliyougua upande mmoja wa kibanja. Kwa hofu ya maneno yangu aling'oa karibu kibanja chote. Nilipopita tena, alinikaribisha kwa heshima kama mgeni yeyote, akanipa kigoda, kisha akasema, "Mwanangu, karatasi yako imekula chakula changu. Je, ilikuwa na njia nyingine?" Sikuwa na jibu.

Baadaye jibu lilikuja. Utafiti uliofanywa katika nchi za Maziwa Makuu ulionyesha kwamba bakteria hao hawaenei kila mara katika shina zima. Mahali ambapo ugonjwa ni mdogo, mkulima aweza kukata usawa wa ardhi mgomba ule tu unaoonyesha dalili, mara anapouona, na kuendelea hivyo bila kuchoka kwa miezi mingi. Pamoja na hilo huondoa ua dume mapema kwa mti wenye panda, bila kutumia kisu, na husafisha panga kwa moto au dawa ya klorini kila anapotoka shina moja kwenda jingine. Shamba lililoshambuliwa sana bado huhitaji kung'olewa na kupumzishwa. Lakini la yule mama halikuwa hivyo.

Waliokitoa kipeperushi kile hawakuwa waongo. Walisema waliyoyajua siku ile. Kosa lilikuwa langu, kwa kuugeuza ushauri kuwa amri, na kufunga mlango ambao swali la yule mama lingepitia. Nilikuwa nimerudia mambo ya 1953 nikiwa na karatasi ya karne hii.

CHAKULA NA NYUMBA: NANI ANASOMEWA?

Liko jambo moja zaidi ambalo vijarida vya zamani vinatuonyesha bila kukusudia. Vitazame vizuri. Kijarida cha kahawa kina picha ya mwanamume. Kijarida cha chakula na usafi kina picha ya mwanamke. Mmoja alifundishwa kupata fedha, mwingine alifundishwa kutumia kitu ambacho mara nyingi hakuwa na amri nacho.

Mkoa wetu una chakula kingi, na bado watoto wengi wamedumaa. Wageni hushangaa; sisi hatuna sababu ya kushangaa. Ndizi hushibisha, lakini zina protini kidogo mno kwa mtoto anayekua. Wazee walilijua hilo kwa vitendo: ndizi zilipikwa pamoja na maharage, dagaa na samaki walitoka ziwani, na msimu wa senene ulipofika hakuna aliyelala mapema. Chakula ni Uhai ilirudia kwa lugha ya kitaalamu jambo ambalo jungu la bibi lililijua. Lakini maharage yakiuzwa yote, na fedha ya kahawa ikiishia mahali ambapo mama haioni, kijarida cha chakula kitabaki maneno matamu.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, somo la chakula lisisomwe kwa akina mama peke yao, wala somo la kahawa kwa akina baba peke yao. Yasomwe siku moja, katika mkutano mmoja, muda mfupi kabla ya malipo ya kahawa. Tena daftari la wanachama liangaliwe: ni wanawake wangapi wanaochuma, kuanika na kubeba kahawa ambao majina yao hayamo?

MASWALI MANNE YA KUKIULIZA KIJARIDA

Kila kijarida, kiwe cha zamani au cha jana, kiulizwe hivi:

1. Kilitolewa na nani, na mwaka gani? Kisicho na tarehe kisomwe kwa tahadhari kubwa zaidi.

2. Je, kinaeleza sababu, au kinaamuru tu? Ushauri wenye sababu waweza kupimwa. Ukikosa sababu, mtafuteni afisa kilimo au watafiti wa Maruku waieleze.

3. Ni lipi ambalo bado ni kweli katika vibanja vyetu, na ni lipi limebadilika? Hapa wazee na vijana wakae pamoja. Mzee anajua lililojaribiwa, kijana anaweza kutafuta habari mpya. Jina lolote la dawa lisifuatwe mpaka limethibitishwa na mtaalamu.

4. Nani atafanya kazi, nani atalipa gharama, na nani atapata hasara ikiwa ushauri si sahihi? Kama atakayepata hasara hayumo kikundini, mkutano huo haujatimia.

UTARATIBU WA KUENDESHA KIKUNDI

Kikundi kiwe cha watu 10 hadi 15, wakutane mara moja kwa wiki, kwa muda usiozidi saa moja na nusu. Mmoja asome polepole, aya moja moja. Asiyejua kusoma aulizwe maoni yake kwanza, ili asifunikwe na wasomi. Kisha kikundi kichague jambo moja tu la kujaribu, katika sehemu ndogo ya kibanja cha mwanachama aliyejitolea, na sehemu nyingine iachwe kama kawaida ili ilinganishwe. Katibu aandike katika daftari tarehe, jambo lililojaribiwa, na matokeo, hata kama ni mabaya. Matokeo mabaya yaliyoandikwa ni faida kwa chama jirani.

Ama kuhusu uhifadhi: vijarida vipanguswe vumbi, vipangwe kwa miaka, vifungwe katika mfuko usiopitisha maji, na viwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Kila kimoja kiandikwe katika orodha ya mali ya chama. Kilichopitwa na wakati kisichomwe, kipigwe mhuri au kiandikwe kwa kalamu nyekundu juu ya jalada: "Kwa historia tu. Dawa zilizomo zisitumike."

Ndivyo chama kile cha Muleba kilivyofanya. Sanduku lingali pale ghalani. Yule kijana ndiye sasa anayesoma kila juma, na yule mzee hukaa karibu naye kumsahihisha. Kwa fukusi wake, kijana ametega vipande vya mashina yaliyopasuliwa, na kila asubuhi anawahesabu wadudu na kuandika. Ushauri huo aliupata katika kijarida kile kile, ukurasa mmoja baada ya ule wa dieldrin.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, chama chenu kina vijarida au kumbukumbu za zamani? Ziko wapi, na nani anazitunza?

2. Waulizeni wazee wa kijiji: walisimuliwa nini juu ya Kamachumu mwaka 1953? Je, ipo kanuni ya leo inayoletwa kwa namna ile?

3. Tajeni ushauri mmoja wa kilimo mlioupokea miaka mitano iliyopita. Mliujaribu kabla ya kuufuata? Matokeo yaliandikwa?

4. Je, ghala lenu lina dawa isiyo na jina au iliyokwisha muda wake? Mtamwarifu nani, na lini?

5. Katika kaya zenu, fedha ya kahawa ya msimu uliopita ilinunua chakula gani kwa watoto? Jibu litolewe na mume na mke wakiwa pamoja.

Azimio la kikundi liandikwe na kusainiwa na mwenyekiti na katibu, na nakala iletwe kwetu pamoja na taarifa ya mwezi.